Je, Mtoto wa Maskini Amefungiwa Mlango wa Elimu?

Watu husema mengi juu ya mtoto wa maskini. Akishindwa katika masomo, wengine hutikisa kichwa na kusema: «Angewezaje? Baba yake hajui kusoma, nyumbani hamna hata kitabu kimoja, na taa yenyewe ni ya kuazima.» Wengine hunena kwa ukali zaidi: «Ndivyo walivyo watu wa ukoo ule; akili hawana.» Walimu nao, wakichoka, huyakubali maneno hayo, maana yanawapunguzia mzigo. Ikiwa mtoto ameshindwa kwa sababu ya nyumba alimozaliwa, basi shule haina deni.

Je, maneno hayo ni kweli? Swali hili ni zito, kwani jibu lake ndilo litakaloonyesha namna mwalimu atakavyomtazama mtoto anapoingia darasani asubuhi, na kama mzazi atauza mbuzi wake ili anunue madaftari. Kwa muda wa miaka zaidi ya 50, wataalamu wa Marekani na Uingereza wamelichungua kwa hesabu na kwa subira. Walianza kwa jibu la huzuni; wakaendelea, wakapata jibu lenye matumaini; na mwisho wakafahamu ya kuwa matumaini hayo yana gharama yake. Yafaa wazazi na walimu waijue habari hiyo.

Hesabu kubwa ya mwaka 1966

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua ya kwamba kuwatenga watoto Weusi na Weupe katika shule za serikali ni kinyume cha sheria kuu ya nchi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1964, Bunge lilitunga sheria ya haki za raia, na ndani yake likaagiza ufanywe uchunguzi, ili ijulikane kama watoto wa kila rangi wanapata nafasi sawa ya elimu. Aliyeongoza kazi hiyo ni James Coleman, mtaalamu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore. Wanafunzi zaidi ya 600,000 walipimwa na kuulizwa maswali, pamoja na walimu wapatao 60,000, katika shule 4,000 hivi.

Watu wengi walitazamia jibu rahisi: shule za Weusi zina upungufu wa majengo, vitabu na vyombo, basi zikipewa fedha, watoto watalingana. Taarifa ilipotolewa mwaka 1966, jibu lilikuwa jingine. Tofauti za majengo, vitabu na fedha zilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti za ujuzi wa watoto. Kilichoeleza zaidi ni jamaa anakotoka mtoto, na wenzake anaosoma nao. Tena ilionekana kwamba pengo halikupungua kadiri miaka ya shule ilivyopita. Katika miji ya Kaskazini-Mashariki, mtoto Mweusi wa darasa la 6 alikuwa nyuma ya mwenzake Mweupe kwa mwaka 1 na nusu hivi. Alipofika darasa la 12 alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya miaka 3.

Kwa hiyo watu wengi walifupisha taarifa ile kwa maneno machache: «Shule haina nguvu.» Lakini taarifa yenyewe haikusema hivyo. Aliyeisoma kwa makini aliona ndani yake mambo mawili yaliyosahauliwa upesi. La kwanza, wema wa mwalimu una nguvu zaidi kwa mtoto wa watu duni kuliko kwa mtoto wa wenye nafasi. Yule wa wenye nafasi, akikosa kitu shuleni, hukipata nyumbani. Huyu mwingine hana pengine pa kukitafuta. La pili, mtoto aliyeamini kwamba bidii yake mwenyewe yaweza kubadili maisha yake alifaulu kuliko yule aliyeona mambo yote kuwa ni bahati tu.

Swali lageuzwa

Coleman alitafuta kadiri ya shule zote kwa jumla. Lakini ukichanganya mahindi mazuri na mabovu katika gunia moja, uzito wa gunia hauwezi kukuambia ni shamba lipi lililozaa vizuri. Ndiyo sababu wengine waligeuza swali. Badala ya kuuliza kwa nini watoto wa maskini hushindwa, waliuliza: Je, iko shule hata moja ambamo watoto hao hufaulu? Na ikiwa iko, inafanya nini?

Mwaka 1971 George Weber alieleza habari za shule nne za namna hiyo: mbili za New York, moja ya Kansas City na moja ya Los Angeles. Zote zilikuwa katika mitaa ya watu maskini, na hata hivyo watoto wa darasa la 3 walijua kusoma kama watoto wa mitaa iliyo na nafuu zaidi.

Kazi hiyo ilichukuliwa na Ron Edmonds, mtu Mweusi, mzaliwa wa Michigan, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard. Edmonds aliweka kipimo kikali. Kwake yeye, shule haiitwi njema kwa sababu watoto wa matajiri wanashinda mitihani. Shule ni njema ikiwa watoto wa maskini wanaojua kusoma na kuhesabu ni wengi kwa kadiri ile ile ya watoto wa wenye mali. Mwaka 1979 alitoa makala iliyosomwa mahali pengi, akaonyesha mambo matano aliyoyaona katika shule zilizofikia kipimo hicho:

Kwanza, mkuu wa shule anayeongoza mafundisho yenyewe, si karatasi za ofisi tu. Pili, walimu wanaotazamia kwamba kila mtoto atajifunza, wala hawamhesabu ye yote kuwa amekwisha kupotea. Tatu, utaratibu na utulivu bila ukali wa kuwatisha watoto. Nne, kusoma, kuandika na kuhesabu hutangulia kazi nyingine zote. Tano, ujuzi wa watoto hupimwa mara kwa mara, na mwalimu hubadili mafundisho yake kwa yale aliyoyaona.

Msomaji atasema: Mambo hayo ni ya kawaida, kila mwalimu ameyasikia chuoni. Ni kweli. Na hilo ndilo lililompa Edmonds uchungu. Aliona ya kuwa maarifa ya kuwafundisha watoto wa maskini yamekwisha kupatikana. Kilichokosekana ni nia ya kuyatumia. Aliwauliza wakubwa wa elimu ni shule ngapi za namna hii wangependa kuziona ndipo wasadiki, kwani kwake yeye hata moja ilitosha kuvunja udhuru. Edmonds alifariki mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 48 tu.

Saa 15,000

Mwaka ule ule wa 1979 kilitolewa kitabu huko London, kilichoandikwa na daktari wa maradhi ya akili, Michael Rutter, pamoja na wenzake. Jina la kitabu linataja saa 15,000, maana ndizo saa ambazo mtoto wa Uingereza hukaa shuleni tangu umri wa miaka 5 hata anapomaliza. Waandishi waliuliza: Je, saa nyingi namna hiyo zaweza kupita bila kuacha alama?

Walichagua shule 12 za sekondari katika mitaa ya ndani ya London, wakawafuata watoto tangu mwisho wa shule ya msingi. Waliona tofauti kubwa katika kuhudhuria, mwenendo, mitihani na hata makosa ya kupelekwa polisi. Na tofauti hizo hazikuelezwa na aina ya watoto waliopokelewa peke yake. Watoto waliohesabiwa kuwa wazito wa akili, wakiwa katika shule iliyo bora, walipata mitihani karibu sawa na watoto wepesi waliokuwa katika shule iliyo mbaya kuliko zote.

Ni kitu gani kilichozitenga shule hizo? Ukubwa wa shule na upya wa majengo havikuwa sababu. Kilichozitenga ni mambo ya kila siku: mwalimu huanza somo kwa wakati, kazi ya nyumbani hutolewa na husahihishwa, mtoto husifiwa afanyapo vema, kazi nzuri hubandikwa ukutani, wanafunzi hupewa madaraka, walimu hupanga masomo pamoja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kubwa peke yake. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na saa 15,000 ni kibaba kikubwa.

Coleman naye alirudi katika swali hili. Mwaka 1982, pamoja na wenzake wawili, alilinganisha shule za sekondari za serikali na za watu binafsi huko Marekani. Waliandika kwamba katika shule za Kikatoliki tofauti kati ya watoto wa wazazi waliosoma na watoto wa wasiosoma ilikuwa ndogo kuliko katika shule za serikali. Wengine waliwapinga, wakisema kwamba mzazi anayelipa ili mtoto asome ni mzazi mwenye bidii tangu mwanzo, na hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1993 Anthony Bryk na wenzake walieleza sababu moja inayozifaa shule zote, ziwe za dini au za serikali: katika shule zile watoto karibu wote hufundishwa masomo yale yale magumu, wala maskini hatengewi masomo mepesi.

Wazazi waingia shuleni

Sasa tutazame mtu aliyeanza kwa wazazi. James Comer ni daktari wa maradhi ya akili wa Chuo Kikuu cha Yale. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma huko Indiana. Mama yake, mtumishi wa nyumba za watu, hakupata kusoma hata miaka miwili. Lakini watoto watano wa nyumba hiyo walipata digrii 13. Comer alijiuliza kwa nini yeye alivuka, na watoto wenzake, wenye akili kama zake, wakabaki ng'ambo.

Mwaka 1968 alianza kazi katika shule mbili za msingi za mji wa New Haven. Watoto wake karibu wote walikuwa Weusi na maskini, na shule hizo zilikuwa za mwisho mjini katika kusoma na hesabu. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa fujo. Wazazi walikasirika na walimu walivunjika moyo. Comer anasimulia habari za mvulana wa miaka 8 aliyehamia kutoka mashamba ya Kusini, akaachwa mlangoni mwa darasa asilolijua. Mtoto aliingiwa na hofu, akampiga mwalimu teke, akakimbia. Katika shule nyingi angeadhibiwa, na habari ingeishia hapo. Wale walikaa wakazungumza: mtoto huyu ameachana na watu wake wote kwa siku moja, afanyeje? Wakaweka desturi ya kumpokea kila mwanafunzi mgeni, na wakapanga watoto wakae na mwalimu mmoja miaka miwili, ili wazoeane.

Comer aliunda baraza dogo katika kila shule: mkuu, walimu, wazazi na watumishi wengine. Baraza lilikuwa na kanuni tatu. Kutafuta mwenye kosa ni mwiko. Hutafutwa dawa ya tatizo. Mambo huamuliwa kwa kukubaliana, wala si kwa kupiga kura inayoacha walioshindwa na kinyongo. Wote hushirikiana, bila kumfunga mkuu mikono. Wazee wetu, wakaao kitako chini ya mti hata shauri liishe, wangezitambua kanuni hizo kama zao.

Mwaka 1969 watoto wa darasa la 4 katika shule hizo walikuwa nyuma kwa mwaka 1 na nusu hivi. Mwaka 1979 walikuwa wamefikia kiasi cha darasa lao, na mwaka 1984 walihesabiwa miongoni mwa walio juu mjini. Umaskini wa mitaa ile haukuwa umeondoka. Lakini angalia miaka: kazi hiyo ilihitaji miaka 10 na zaidi.

Usingoje mtoto aanguke

Mwaka 1987, mjini Baltimore, Robert Slavin na Nancy Madden walianzisha mpango mwingine. Waliona kwamba mtoto asiyejua kusoma anapomaliza darasa la 3 ni kama mtu aliyeachwa na lori njiani: wenzake huzidi kwenda mbali, na kila somo jipya humwongezea aibu. Basi walitaka kuzuia kosa kabla halijaota mizizi. Kila siku watoto walisoma kwa dakika 90, wakipangwa kwa kadiri ya ujuzi wao wa kusoma hata kama umri wao unapitana. Kila baada ya majuma 8 hivi walipimwa na kupangwa upya, hata asiwepo mtoto wa kusahauliwa kikundini. Aliyekwama alipata mwalimu wake peke yake kwa dakika 20 kwa siku.

Jambo jingine ni hesabu ya watoto darasani. Katika jimbo la Tennessee, tangu mwaka 1985 hadi 1989, watoto 11,600 hivi wa shule 79 waligawanywa kwa kura, tangu darasa la watoto wadogo hadi darasa la 3. Wengine waliwekwa katika madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine katika madarasa ya 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo walijifunza zaidi, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto Weusi na kwa maskini. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini anayekunja samaki wengi mno kwa pamoja mikono haimtoshi.

Dawa isiyonywewa kwa siku moja

Je, baada ya maarifa hayo yote, Marekani imemaliza shida yake? La. Wengi walidhani kwamba kuyajua mambo matano ya Edmonds kunatosha. Wakayaandika ukutani, wakamwamuru mkuu awe na nguvu na mwalimu awe na matumaini, kisha wakangoja. Lakini kumtazama mtu mwenye afya hakukufundishi kumponya mgonjwa.

Mwaka 2002 serikali ilitia mkono sheria iliyoagiza kwamba, ifikapo mwaka 2014, watoto wote wawe wamefikia kiasi kilichowekwa katika kusoma na hesabu, na shule zitakazoshindwa zichukuliwe hatua. Sheria hiyo ilisaidia kwa jambo moja: matokeo ya watoto maskini yalilazimika kuonyeshwa wazi, yasifichwe ndani ya matokeo ya wote. Lakini mwaka 2014 ulifika na lengo halikutimia, na mwaka 2015 sheria nyingine ilichukua nafasi yake. Kumpima ng'ombe kila siku hakumnenepeshi.

Mwaka 2003 Geoffrey Borman na wenzake walikusanya chunguzi 232 juu ya mipango 29 ya kutengeneza shule nzima. Mitatu ilikuwa na ushahidi wenye nguvu kuliko mingine, na kati yake ulikuwamo mpango wa Comer na ule wa Slavin. Tena waliona kwamba faida iliongezeka sana katika shule zilizoshika mpango mmoja kwa miaka 5 au zaidi. Shule inayobadili mpango kila mkuu mpya anapokuja ni kama mkulima anayeng'oa mihogo kila mwezi ili aone kama imekua.

Na Afrika je?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Stephen Heyneman, mtaalamu wa Marekani, alichungua shule za msingi za Uganda. Alitazamia kuona yale ya Coleman. Aliona kwamba mali na elimu ya wazazi vilihusiana kidogo sana na matokeo ya watoto. Mwaka 1983, pamoja na William Loxley, alilinganisha nchi 29, wakaandika kwamba kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo shule na mwalimu walivyo na nguvu zaidi juu ya ujuzi wa mtoto. Wachunguzi waliofuata, wakitumia hesabu za miaka ya 1990, hawakuiona tena tofauti hiyo kwa nguvu ile ile. Hata hivyo ushahidi wa Uganda unakataza mtu kusema kwamba mtoto wa Kiafrika amehukumiwa na kibanda cha wazazi wake.

Katika Kongo yetu neno hili limepata uzito mpya. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi isiyolipiwa, na watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wakaingia shuleni. Madarasa yakajaa. Mlango umefunguliwa, nalo ni jambo kubwa. Lakini uchunguzi tuliousimulia waonyesha kwamba kazi halisi huanza mtoto anapokwisha kuingia.

Basi, wazazi wapendwa, hata asiyejua kusoma anaweza kuuliza maswali machache. Je, mwalimu wa mtoto wangu hufika kwa wakati, na somo huanza? Je, madaftari yake husahihishwa? Je, wanajua mtoto huyu amekwama wapi katika kusoma, na wanafanya nini kabla mwaka haujaisha? Je, nikienda shuleni napokewa kama mwenzi wa kazi, au naitwa siku ya malipo na siku ya adhabu tu? Maswali hayo yaulizwe kwa heshima, wazazi wengi pamoja, wala yasigeuke kesi ya kumtafuta mwenye kosa, kwani mwalimu mwenyewe mara nyingi ana watoto wengi kupita kiasi na mshahara usiotosha.

Na sisi walimu tuna swali letu. Tunapomwona mtoto mwenye shati lililochanika amekaa kimya nyuma ya darasa, je, tumekwisha kumtolea hukumu moyoni? Umaskini ni mzigo wa kweli, na asiyeukiri huwadhulumu wanaoubeba. Lakini uchunguzi wa miaka hii yote umeonyesha kwamba mzigo huo haufungi akili. Ziko shule zilizowavusha watoto wa maskini, zikiwa na majengo ya kawaida na walimu wa kawaida, kwa kazi iliyofanywa vema kila siku, mwaka hata mwaka. Kwa hiyo mtoto yule wa nyuma anapofunga mwaka bila kujua kusoma, tusiulize kwanza habari za ukoo wake. Tuulize ni siku ngapi katika mwaka huo alisomeshwa kweli.